Jina la Mama Dena

Nyumba ya Wazee, Jilore
Jumapili, 4 Februari 2024

Mwanangu Dena,

Nakutangulia kwa salamu, maana tukikungoja wewe uanze tutazeeka sote. Nisalimie mkaza mwanangu Sidi na hilo tumbo lake. Nisalimie na Kambi. Tangu umpe jina la marehemu baba yako nimekuwa mke wa mtoto wa miaka saba, basi mwulize mume wangu yale meno mawili ya mbele yameng'oka au bado anayachezea kwa ulimi. Mke anapaswa kuarifiwa mumewe akiwa kibogoyo.

Mimi ni mzima, ila kikohozi. Chumbani tuko wawili, mimi na Jedida, bibi wa kutoka upande wa Bamba. Naye alifukuzwa kwao kwa neno lile lile nililofukuziwa mimi. Anakoroma mpaka mabati yanaitika. Wanawe wamemwahidi kuja kumchukua Pasaka, na tangu Krismasi nguo zake zote ziko kwenye furushi la kanga. Kila asubuhi hulifungua apate ya kuvaa, kisha akalifunga tena. Nimemwambia furushi hilo litachakaa kabla hajafika nalo popote.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu yangu iliungua pamoja na nyumba. Ya hapa iko ofisini na ukiongea wanasikia wote, na ya kwako, ukiwa shambani, hupokewa na Jimmy. Binamu yako sina la kuongea naye. Ule mwaka niliokwenda ngumbaru wewe na baba yako mlinicheka, mkasema nataka kuwa karani. Sasa ndio ukarani wenyewe. Purity anayetupikia hapa kwao ni huko Vitengeni, na hurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Nimemwagiza akupe barua mkononi mwako.

Nimetimiza miezi mitano hapa. Mtoto wa Jimmy nilimlilia kama ulivyomlilia wewe, Mungu anajua. Alikufa kwa homa, na kabla udongo haujakauka baba yako mdogo Ziro akasimama mbele za watu akasema ni mimi niliyemla. Sitaki kurudia yaliyofuata. Ulikuwepo.

Neno langu ni hili. Sidi yuko karibu. Wa kwanza alikuwa wa baba yako, na hilo ndilo lililo sawa. Huyu akiwa msichana unajua ni wa nani, sina haja ya kukukumbusha, ingawa nakukumbusha. Halafu niambie habari ya nyumba yangu. Ulisema ungeiezeka kabla ya masika.

Mamako,
Riziki


Vitengeni
Jumapili, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipokea kwa mkono wa Purity, na nilifurahi sana kuona mwandiko wako. Sisi huku tunaendelea vizuri. Kambi ameng'oka jino moja, la pili limegoma. Anasema nimwambie mke wake kwamba bado anaweza kutafuna mahindi ya kuchoma upande wa kushoto. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Jua ni kali na watu wanasafisha mashamba wakingoja mvua.

Mama, Sidi alijifungua tarehe kumi na tisa mwezi uliopita. Mtoto alikaa vibaya na tukamkimbiza hospitali, wakampasua. Damu ilikataa kusimama. Daktari akaniita pembeni akaniambia ili mama apone lazima kizazi kitolewe, nikatia sahihi. Amepona. Mtoto naye ni mzima, ni wa kiume, kilo tatu na robo. Lakini Sidi hatazaa tena.

Haongei sana. Humnyonyesha mtoto akiwa ameelekea ukutani. Mtoto mwenyewe analia kupita kiasi, hata majirani wamezoea. Zahanati wameangalia hawaoni ugonjwa. Kwenye kadi wameandika "Mtoto wa Sidi", na nyumbani tunamwita Mgeni kwa sasa.

Kuhusu nyumba, makuti yamekuwa adimu.

Ugua pole na kikohozi. Msalimie bibi Jedida.

Mwanao,
Dena


Jilore
Jumapili ya Pasaka, 31 Machi 2024

Mwanangu Dena,

Salamu za sikukuu. Mwambie Sidi nimemwombea kanisani kwa sauti mpaka mchungaji akanitazama. Mwambie amelala kwenye kisu akaamka na mtoto mkononi, na hakuna wa kumtaka zaidi ya hapo. Ukutani hakuna kitu, ageuke. Awe anakunywa uji wa mtama, na umpikie wewe, usimngoje mtu.

Jedida ameondoka jana. Wanawe walikuja wawili na bodaboda mbili, moja ya mama na moja ya furushi. Alilia kwa furaha akaniachia kikombe chake. Kwa hiyo mambo huwa yanawezekana. Watu hurudi makwao.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta neno moja sikuliona. Hukutaja jina. Ulidhani kwa kuwa ni mvulana nitanyamaza? Jina langu halichagui. Riziki huitwa mwanamke na Riziki huitwa mwanamume, na ndani ya mji wenu wenyewe yuko shahidi, Mzee Riziki aliyekuwa akichonga vinu, ndugu ya babu yako.

Tena huyo mzee ndiye aliyenipoteza mimi. Nilipoolewa mwaka wa themanini na saba, mama mkwe alinikalisha akaniambia jina langu halitaitwa mjini kwake, maana ni jina la mkwe, na mke wa mwana hawezi kuitwa jina la mkwe. Nikawa mke wa Kambi. Ulipozaliwa nikawa Mama Dena. Miaka thelathini na saba, Dena, hapana aliyeniita Riziki katika mji ule, si baba yako, si nani. Jina langu lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye daftari la ngumbaru. Sikulalamika, nilijua siku moja wewe utazaa binti na litaitwa kutwa nzima, "Riziki njoo, Riziki acha, Riziki utaanguka." Nilingojea hilo. Binti hatakuja tena. Yuko huyu.

Na kuna jambo jingine, na hili ndilo kubwa. Mila unaijua. Siku ya kumtoa mtoto nje baba huulizwa mara tatu mbele za watu jina ni la nani. Akishataja, mwenye jina, kama yu hai, ndiye humpokea mtoto, humnyoa, na siku hiyo mtoto hulala nyumbani kwake. Baada ya hapo wawili hao huhesabiwa kuwa mmoja. Anayemfukuza mkubwa amemfukuza mdogo. Baba yako mdogo ni mtu wa mila kupita wazee wote wa Vitengeni. Akiniogopa atakavyoniogopa, hilo hawezi kulivunja. Mpe mtoto jina langu, useme ni langu, na mimi narudi nyumbani kwa mlango wa mbele.

Ndiyo maana nauliza habari ya nyumba. Makuti kuwa adimu Vitengeni ni habari mpya kwangu.

Mamako,
Riziki


Vitengeni
Jumapili, 5 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha mwezi mzima. Mvua imetupiga sana, barabara ilikatika, na Purity mwenyewe alikwama huko kwenu. Mahindi ya bondeni yamekwenda na maji. Kambi ameng'oka la pili, sasa ukimsikia anavyotamka "hawe" akimwita bibi yake utacheka. Sidi ameanza kutoka uani jioni. Uji wa mtama nampikia mimi, anasema una madonge.

Mtoto alizidi kulia. Baba mdogo akasema kilio kile si cha njaa, ni koma anayetaka jina lake, mmoja wa watu wetu waliokufa. Akaleta mganga. Mganga akakaa nasi mchana kutwa akasema ni kweli, yuko mtu wa mji huu anayedai. Basi tukakaa barazani, wazee watatu, baba mdogo, Jimmy na mimi, mtoto akiwa mapajani mwa Sidi, tukaanza kumtajia majina. Tukataja Charo, akalia. Tukataja Katana, akalia. Tukataja wanane, Mama, hata wengine siwajui.

Halafu mimi nikasema, "Riziki."

Mtoto akanyamaza. Sijui kama ni kuchoka au ni nini, lakini alinyamaza akaangalia juu. Nilisema moyoni, sasa, wameona wenyewe, sasa nitasema. Nilifungua mdomo, Mama. Kweli nilifungua.

Baba mdogo akapiga makofi. "Kumbe ni weye, mzee wa vinu!" akasema. "Umetuhangaisha, baba. Karibu kwako." Akamchukua mtoto akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu afe mjukuu wake sijamwona akicheka. Wazee nao wakacheka. Jimmy hakucheka. Alikuwa ameegemea nguzo, ananitazama mimi. Akaniuliza, "Ni mzee wa vinu, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

Siku ya kumtoa nje ni Jumamosi tarehe kumi na tano Juni, maana imecheleweshwa vya kutosha. Kwa kuwa mwenye jina ni marehemu, atakayempokea mtoto ni baba mdogo.

Mama, angalau jina litaitwa. Nimewaza hivyo. Litaitwa kutwa nzima kama ulivyotaka.

Bibi Jedida anasemaje? Alifika salama kwao? Hukuniambia zaidi.

Mwanao,
Dena


Jilore
Jumapili, 2 Juni 2024

Dena,

Nisalimie Sidi. Nisalimie Kambi. Chumbani nimebaki peke yangu, nalala vizuri, hakuna anayekoroma.

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kufagia ua ambao haikuwa zamu yangu kuufagia. Nilifagia mpaka Purity akaninyang'anya ufagio.

Angalau litaitwa! Hiyo angalau yako umeitoa wapi? Kila atakapoitwa mtoto huyo, watu watamkumbuka mzee aliyechonga vinu vitano vibovu na kulala chini ya mkorosho. Nilimjua, hakuwa na ubaya, lakini hakukubeba mgongoni mpaka zahanati ulipoumwa na nge. Ulichofanya ni kuchukua jina langu mbele ya macho yangu ukampa mtu mwingine, tena kwa kuwa linafaa kuvaliwa na mwanamume. Laiti ningeitwa Kadzo au Mbodze usingepata mahali pa kujificha. Ungenipa au ungeninyima wazi wazi, nikajua.

Unamwogopa Jimmy. Sikulaumu kwa kumwogopa, hata mimi namwogopa, nilimwona uso wake siku ile. Lakini ndiyo yako ya barazani ilikuwa ya watu sita. Ya hadharani bado. Tarehe kumi na tano utaulizwa mara tatu, "Riziki gani?" Mara tatu, Dena. Si wengi wanaopewa nafasi tatu za kusema kweli.

Nitakuja. Nimekwisha ongea na Purity, atakuletea barua hii mapema safari hii, na siku hiyo pia ana ruhusa. Nitakaa kwenye mashine ya kusaga unga, nyuma yake, pale kwenye kivuli, kutoka saa nne. Kutoka hapo hadi uani kwetu ni hatua mia moja. Ukinitaja, njoo unichukue mwenyewe, unishike mkono tuingie wote. Hawatainua mkono mbele ya mtoto mwenye jina langu na mbele ya wageni. Usiponitaja, nitajua, nitaondoka kimya kimya, na huna haja ya kunieleza chochote.

Nyumba ikiwa haina makuti nitalala na mtoto uani. Masika yamekwisha.

Mamako,
Riziki


Vitengeni
Jumamosi, 29 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na karatasi hii wiki mbili. Sidi hajambo, Kambi hajambo, mtoto hajambo na halii tena kama zamani. Natumaini kikohozi kimepungua.

Watu walikuja wengi. Baba mdogo alichinja yule mbuzi mweusi. Jimmy na wenzake walikuwa wamesimama mlangoni tangu asubuhi, na mapanga. Walisema ni ya kukatia miti ya turubai. Turubai lilikuwa limeshafungwa tangu jana yake.

Nilipoulizwa nilisema ni Mzee Riziki. Nilisema mara zote tatu.

Sasa nataka kukwambia jambo ulilonificha. Mwezi wa Mei nilikuwa nikimsaidia jirani kupalilia, redio ikawa inasema habari za bibi mmoja wa upande wa Bamba aliyeuawa shambani kwake, wiki ya saba tangu arudishwe na wanawe kutoka nyumba ya wazee. Wakataja jina. Niliketi chini katikati ya mahindi. Ulikuwa umekwisha jua ulipoandika barua ya mwezi wa Juni, maana habari kama hiyo lazima ilifika kwenu kwanza. Ukaniandikia kwamba unalala vizuri kwa kuwa hakuna anayekoroma. Ulitaka nikushike mkono nikuingize uani, Mama, na ulijua.

Nilijua uko nyuma ya mashine. Sikugeuza shingo upande ule hata mara moja, niliogopa Jimmy angefuata macho yangu. Unadhani ni rahisi? Naishi nao mji mmoja. Nakula nao sinia moja. Nikihama, shamba la baba limekwenda, na Sidi hajapona sawasawa, na nitampeleka wapi? Nikikaa, mimi ndiye mtoto wa yule mama. Kila siku naamka najipima nimesema nini jana. Sina mlango, nasema kweli, mbele sina na nyuma sina. Nilitaka ubaki hai, basi. Nichukie ukiwa hai.

Nyumba yako sikuiezeka kwa sababu hiyo hiyo. Makuti yapo.

Sherehe haikuchukua muda. Baba mdogo alimrudisha mtoto kwa Sidi mapema, akasema jua limekuwa kali. Tukala, watu wakatawanyika.

Mwanao,
Dena


Jilore
Jumapili, 28 Julai 2024

Mwanangu Dena,

Msalimie Sidi, mwambie nampenda na simsahau katika sala. Kambi mwambie meno mapya yakianza kuota asiyaguse kwa ulimi, yatapinda.

Ni kweli nilijua habari za Jedida. Tuliletewa habari siku ya pili yake, na mimi ndiye niliyeulizwa kama ameacha chochote chumbani. Nikasema ameacha kikombe. Nilijua nikakuandikia vile, na nilikuwa nakuja vile vile. Hukunielewa kidogo tu. Mimi sikudhani nitaishi sana nikirudi. Nilitaka kulala na mtoto yule siku moja nyumbani kwangu, basi, na yatakayokuja yaje. Ulinichagulia hai. Sijakusamehe bado, nasema kweli. Hai yenyewe ni huku, foleni ya uji na zamu ya kufagia, na Jumapili mchungaji kutuambia tuvumilie, mpaka mwisho. Lakini naelewa kwamba hukuwa na njia, na kuelewa kunanichosha kuliko hasira.

Hukuwa na haja ya kuniambia ulichojibu. Umeme ulikuwa umekatika siku ile na mashine haikuwa ikisaga. Nilisikia kila kitu. Mara ya kwanza sauti yako ilikuwa ndogo, wazee wakakwambia urudie. Ya pili ilikuwa ya kawaida. Ya tatu uliisema kwa nguvu kama mtu anayeamini, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Lakini kuna kitu nawe umenificha, na nimekuwa nikikingoja katika barua yako mpaka mstari wa mwisho. Umeandika kwamba jua lilikuwa kali.

Baada ya majibu yako walianza kumwita mtoto mara saba, watu wote kwa pamoja kama ilivyo kawaida. "Riziki!" Na Ziro aliyempakata akaitika kwa niaba ya mzee wa vinu, "Naam!" Wakaita tena, akaitika, "Naam!" Mimi niko nyuma ya ukuta, Purity amenishika mkono. Sijui nikueleze vipi. Miaka thelathini na saba, mwanangu, na mji mzima unaliita, wanawake, watoto, hata sauti za watu walionichomea. Mara ya tatu machozi yalinitoka. Mara ya tano niliziba mdomo kwa leso. Walipoita ya saba mdomo ulinitoroka.

"Abee!"

Niliitika kama msichana aliyeitwa na mamaye. Na mashine haisagi, Dena. Purity alinivuta tukakimbia kwenye mihogo na mgongo huu wangu. Nyuma yetu palikuwa kimya kabisa. Sikusikia yeyote akicheka, sikusikia ngoma. Mlisikia. Ziro ameishi nami uani miaka yote hiyo, anaijua sauti yangu hata nikiwa nimekabwa. Ndiyo maana alimrudisha mtoto.

Na sasa Purity amerudi jana ananiambia Jimmy amekuwa akiulizauliza pale mashineni nani alikuwepo Jumamosi ile. Ananiambia Sidi hamtoi tena mtoto nje, na watu wa upande wa pili wa barabara wamerudi kumwita Mgeni, hawataki kulitamka jina. Hilo nalo hukuniandikia. Sasa naona kwa nini mtoto halii. Mnambembeleza mchana kutwa asisikike.

Nilitaka jina langu limlinde aingie nami mlangoni. Badala yake nimelibandika juu ya kichwa chake watu wakiangalia, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sijalala vizuri tangu jana. Wewe ulimficha vizuri. Ulimficha vizuri sana mwanangu, nami nikaja nikamfichua.

Kwa hiyo nisikilize, na hii ni amri ya mzazi. Wakikuuliza ni nani aliyeitika, usinyamaze, ukinyamaza watajua. Cheka. Sema ni mwanamke mpita njia aliyekuja kusaga, naye anaitwa Riziki, akasikia anaitwa. Wanawake wenye jina hilo ni wengi kutoka hapa mpaka Malindi, nani atabisha? Mimi nimekwisha mwambia msimamizi aandike kwenye daftari kwamba tarehe kumi na tano nilikuwa kitandani na kikohozi. Akaniuliza pia kama yuko mtu wa kwetu atakayekuja kunichukua mwaka huu, maana wanatuandika upya. Nikamwambia hakuna, aniandike wa kubaki.

Nenda kwa Ziro mwenyewe, umpelekee mtoto mapajani, umwambie, "Baba, mwite." Akimwita, uitike wewe. Itika naam, kwa nguvu, kama ulivyosema mara ile ya tatu. Rudia kila siku mpaka waamini. Huyo ni mjukuu wa fundi wa vinu. Mimi simjui.

Purity hataleta barua tena baada ya hii, wameanza kumtazama. Usiandike.

Mama Dena